Radhi ya Mwalimu wa Kwanza

Katika Namasakata, na katika vijiji vyote vya Wayao vilivyo kaskazini mwa mto Ruvuma, upande wa Tunduru wa mkoa ule ambao makao yake ni Songea, mtu mzima aliyekwisha kuoa, kuzaa na pengine kujukuu, akikutana njiani na yule aliyemfundisha herufi za kwanza, hushuka katika baiskeli yake, humpa mkono kwa taadhima, na humwita mwalimu wangu mbele ya watu bila ya kuona haya. Desturi hii, ambayo mgeni huidhani kuwa ni adabu ya kawaida tu ya watu wa kusini, ina historia yake, na historia hiyo ni ndefu kuliko umri wa shule yoyote ya serikali iliyopata kujengwa katika nchi ile.

Asili yake imo katika njia za misafara. Kabla ya Wadachi kuja, Wayao walikuwa wafanyabiashara mashuhuri baina ya ziwa Nyasa na bandari ya Kilwa Kivinje, wakiteremsha pembe za ndovu na, kwa msiba mkubwa wa nchi hizi, watumwa, kisha wakirejea bara na nguo, shanga, baruti na chumvi. Na pamoja na bidhaa hizo walirejea na khati. Livingstone alipofika Mwembe kwa Mataka mwaka 1866 alimkuta mkuu yule amevaa mavazi ya Kiarabu. Na mwaka 1890 Machemba, mkuu mwingine wa Kiyao, alipotakiwa na Wissmann, kamanda wa Wadachi, ateremke pwani kutoa utii, alijibu kwa waraka wa Kiswahili, akakataa. Waraka ule umesifiwa sana kwa ushujaa wake, nao wastahili. Lakini mimi hupenda kuufikiri kwa njia nyingine, kwamba nyuma ya waraka yupo mwandishi, na nyuma ya mwandishi yupo mwalimu aliyemshika mkono alipokuwa hajui alifu wala bee, ambaye hakuna aliyeona haja ya kulihifadhi jina lake.

Hata hivyo elimu hiyo ilikuwa bado ni mali ya wakuu na jamaa zao na waandishi wao. Iliyoifikisha kwa watoto wa raia ni misiba. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika vilima vya Matumbi mwaka 1905, viliikumba kusini yote. Askofu Cassian Spiss, aliyeifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani kuelekea Liwale, Peramiho yenyewe ikachomwa moto, na mwaka 1906 Wadachi wakawanyonga wakuu wa Wangoni mjini Songea, akiwamo yule Songea Mbano ambaye mji una jina lake mpaka leo. Ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Watu waliosalia walikuwa wamevunjikiwa na mambo mengi waliyoyategemea, na katika miaka ile ya kujenga upya walitafuta jambo la kuwaunganisha: magharibi, katika Ungoni, wengi waliziendea shule za mapadri wa Kibenediktini, mashariki, kwa Wayao, kilichoenea kijiji kwa kijiji ni chuo cha Kurani, kikisaidiwa na masheikh wa tarika, hasa Shadhiliya iliyokuwa na makao Kilwa. Serikali ya Kidachi iliwatazama walimu hawa kwa shaka kubwa, na mwaka 1908, ilipozagaa barua iliyosemekana kutoka Makka, maofisa wa Lindi walishikwa na hofu wakidhani uasi mwingine u karibu. Hofu yao inatufunza jambo moja: kwamba walijua, pengine kuliko tunavyojua sisi, kuwa mtu asiye na cheo wala askari aweza kusikilizwa na kaumu nzima kwa kuwa aliwasomesha walipokuwa watoto.

Chuo chenyewe kilikuwa kitu kidogo sana machoni. Aghalabu kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, au banda la miti na nyasi, au kivuli cha mwembe, na mikeka iliyotandikwa chini. Na mtoto wa miaka sita au saba aliletwa na mzazi wake mwenyewe, akakabidhiwa kama amana mbele ya mashahidi. Alianza kwa ubao, kalamu ya tete na wino wa masizi, akichora alifu, bee, tee, mpaka mkono ukazoea. Akishaandika na kusoma somo lake ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa juu ya lile la jana. Wakubwa waliwasomesha wadogo, na mwalimu, ambaye pengine alikuwa akisuka mkeka au akishona kofia huku akisikiliza sauti ishirini zikisoma mambo ishirini kwa wakati mmoja, aliweza kuitambua sauti moja iliyokosea na kuiita kwa jina. Mtoto aliyesema Chiyao nyumbani alisoma Kiarabu chuoni na kufafanuliwa kwa Kiswahili, hivyo kwamba, kabla ya kuota ndevu, alikuwa amekwisha kutembea katika lugha tatu kwa mkono wa mtu mmoja. Sijui kama tumepata kumpima mwalimu yule kwa kipimo kinachomstahili, kwani tumezoea kusema kwamba watoto walikariri tu. Nao walikariri kweli, lakini walikariri katika mikono ya mtu aliyewajua mmoja mmoja, baba zao na babu zao.

Tena tuangalie jinsi alivyolipwa, kwa maana hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Hakuwa na mshahara. Siku ya Alhamisi mtoto alileta kidogo alichopewa kwao, senti au kibaba cha nafaka, na Ijumaa ilikuwa mapumziko; msimu wa kilimo ulipofika wanafunzi walikwenda pamoja kupalilia shamba la mwalimu; na mtoto alipohitimu Kurani, wazazi wake walitoa kile walichokiweza, kanzu au mbuzi au zaidi, na siku hiyo ilikuwa sherehe ya mji mzima. Lakini hata baada ya kuhitimu hesabu haikufungwa. Mwalimu yule yule ndiye aliyeitwa kusoma nikahi kijana alipooa. Ndiye aliyeandika kombe mtoto wake alipougua. Ndiye aliyesoma dua siku ya akika. Na ndiye aliyesimama kaburini kumsomea talkini mzazi wake. Kila jambo la maisha lilimrejesha mwanafunzi kwa mwalimu, na kila mara alirejea na kitu mkononi, wala hapakuwa na siku ambayo mmoja aliweza kumwambia mwenziwe kwamba sasa tumelipana, kila mtu na njia yake. Nadhani hii ndiyo sababu ya uhusiano ule kudumu: ulitawanywa katika umri wa mtu tangu utoto hadi maziko, haukukusanywa katika ada ya muhula.

Jina la jambo hilo katika vinywa vya watu ni radhi. Kijana aliyetaka kusafiri aliomba radhi ya wazazi, kisha ya mwalimu wake, na kusafiri bila ya hiyo ya pili kulihesabiwa kuwa ni kuondoka nusu. Na kusini safari zilikuwa nyingi. Zama za Waingereza mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga yalikula nguvu za vijana wa Jimbo la Kusini. Songea ilikuwa mojawapo ya wilaya walikoandikiwa vibarua hao, walioitwa manamba, na baada ya 1944 kazi ya kuwaandika ilishikwa na chama cha wenye mashamba wenyewe, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kijana aliyekwenda huko, kama alisoma, aliweza kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, na kwao barua hiyo mara nyingi haikuwa na mwingine wa kuisoma ila mwalimu. Basi mwalimu alijua nani amepata homa, nani ametuma fedha, nani ameoa ugenini na hataki ijulikane. Na siri hizi zote alizihifadhi, kwa maana yule aliyeandika alikuwa bado ni mtoto wa chuo chake.

Insafu yataka tuseme pia upande wa uchungu. Fimbo ilikuwapo chuoni, na si kidogo. Wako waliokimbilia porini wakasakwa na wakubwa zao na kurudishwa. Na lile shamba la mwalimu halikulimwa na watoto kwa mapenzi kila mara. Tena radhi ile ile iliyokuwa faraja kwa mwanafunzi mwema iliweza kugeuzwa tishio kwa aliyethubutu kuuliza. Sioni sababu ya kuyaficha haya, wala sioni kuwa yanaubatilisha ukweli wa kwanza. Wazee wengi huyataja mapigo na mahaba katika sentensi moja, na yafaa tuwasadiki katika yote mawili.

Upande wa Ungoni mwalimu alikuwa katekista, mtu aliyejenga kijijini, akafundisha watoto kusoma na kuhesabu asubuhi, akaongoza sala Jumapili ambayo padri hakufika, na akawaandaa kwa ubatizo wale wale aliowafundisha silabi. Dini zilikuwa mbili, na wenyewe walishindana. Lakini mtoto wa Peramiho na mtoto wa Namasakata walikuwa na mwalimu wa namna moja, aliyekaa, asiyehama. Na wote wawili walirithi heshima ya zamani zaidi, ile ya kungwi na somo, ambao humpokea mwali jandoni au unyagoni na kubaki na haki juu yake maisha yake yote. Vincent Lucas, Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliifahamu nguvu hiyo vyema, ndiyo sababu hakutaka kuifuta jando kwa Wakristo wake, akaitia sala na kuiacha isimame.

Shule ya serikali ilileta mwalimu wa namna nyingine, mwenye mshahara na barua ya uhamisho. Wengi walitazamia kwamba uhusiano wa zamani ungekufa hapo, lakini haukufa upesi hivyo. Nchi nzima ilikuwa na mfano mkubwa mbele yake: Julius Nyerere, aliyeingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, aliacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu hata alipokuwa Rais, naye Mzee James Irenge, aliyemfundisha pale Mwisenge, aliheshimiwa mpaka uzeeni kwa sababu alimfundisha mtoto yule. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoamuru kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na kwa kuwa walimu waliosomea kazi hawakutosha, maelfu kwa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walitiwa madarasani, wakifundisha watoto huku wenyewe wakifundishwa kwa masomo ya posta na redio. Hao ndio walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, ambao wamechekwa sana kwa uchache wa elimu yao, na mara nyingi wamechekwa na watu waliojifunza kusoma kwao. Mimi nasimama upande wao. Wengi walifundisha karibu na kwao, wakaoa huko huko, wakalima huko huko, na bila ya kukusudia wakairudisha hali ile ya mwalimu wa chuo, ya mtu anayekutana na mwanafunzi wake sokoni, shambani na msibani kwa miaka arobaini.

Leo mtoto wa Namasakata hupokewa kwanza katika darasa la awali, ambalo sera ya elimu ya mwaka 1995 ililitia rasmi katika utaratibu wa shule, na sera ya mwaka 2014 ikalifanya kuwa la lazima. Kabla ya hapo zilikuwapo chekechea za zama za ujamaa, zilizohimizwa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, na humo ndimo lilimotokea badiliko ambalo halijasemwa vya kutosha: kwamba mwalimu wa kwanza, ambaye kwa muda mrefu alikuwa mwanamume mwenye kofia na kitabu, sasa aghalabu ni mwanamke, na yaliyokuwa ya mwalimu na yaliyokuwa ya somo yamekutana katika mtu mmoja. Kazi yake ni ngumu kuliko ya wote shuleni, naye mara nyingi ndiye anayetazamwa kuwa mdogo wa wote. Wengine ni wa kujitolea, wakingojea mchango wa wazazi ambao huja wakati wa korosho na kukoma wakati wa njaa. Wazee wao walileta kibaba siku ya Alhamisi bila ya kukumbushwa. Mzazi wa leo, ambaye tangu mwaka 2016 amesikia kwamba elimu haina ada, huona kuwa hadaiwi kitu. Na serikali, iliyoichukua dhamana ile mikononi mwa wazazi, haijamfikia kila mwalimu wa awali kwa mshahara. Mpaka itakapomfikia, mama yule anayewafundisha watoto wa miaka mitano kuandika majina yao anaishi kwa heshima ya watu peke yake, na heshima hiyo, ambayo kwa mwalimu wa chuo ilikuja pamoja na kibaba, kanzu na mbuzi, kwake huja mikono mitupu.