Zamani reseti ilikuwa imefungwa ndani ya mashini



Kiwanda cha rangi ao cha dawa hakitiririke kama bomba la maji. Kinapika sufuria kwa sufuria. Zamani reseti ilikuwa imeandikwa ndani ya programu ileile yenye kufungua valvu. Ukitaka kuongeza dakika tano za kupasha moto, unaita enjinia, anagusa programu, na saa zingine valvu ya pembeni inakataa kufunguka. Nani amekosea, mpishi ao jiko? Hakuna mwenye alijua.

Wajerumani wa NAMUR walitoa mapendekezo yao, NE 33, mwaka 1992. Kule Marekani, kamati SP88 ya ISA, yenye ilianza 1988, ikatoa kanuni ya S88 mwaka 1995. Kisha ikawa IEC 61512. Wazo ni moja: reseti iseme kitu gani kifanyike, mashini ijue namna ya kukifanya.

Mimi naona faida kubwa iko kwenye kutafuta kosa. Reseti inasema "pasha moto", na tangi halina hatua ya jina hilo: basi kosa liko kwenye kuunganisha, usiguse valvu. Na kuna mtego wenye ulinikamata mimi mwenyewe. Nilisahihisha reseti mama, lakini tangi likaendelea na makosa yaleyale. Kumbe kwa kanuni hiyo, kila bechi inabeba nakala yake. Nilihangaika usiku muzima, na sahihisho langu lilikuwa linangojea bechi ya kesho.