Jambazi, Mtuhumiwa, Mshtakiwa: Maneno ya Taarifa za Polisi

Aghalabu mwananchi wa Kinondoni au Temeke huijua kazi ya upelelezi kwa njia ya taarifa inayotolewa na polisi wenyewe, ikasomwa redioni na kuchapishwa gazetini. Waandishi wa riwaya nao walipata kuichora kazi hiyo kwa namna yao. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimtembeza Inspekta Wingo jijini Dar es Salaam, na msomaji akangoja ushahidi hatua kwa hatua. Taarifa ya habari haina subira hiyo. Humo mtu hupewa jina kwanza. Ushahidi hufuata baadaye, na pengine haufuati kabisa.

Jina lenyewe mara nyingi ni jambazi. Asili yake ni Kiajemi: jan, yaani roho, na baz, yaani mchezaji, mtu achezaye na roho yake. Kwetu limekuwa mnyang'anyi mwenye silaha. Ni jina la mtenda kosa, wala si la mtu anayechunguzwa.

Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi, walikamatwa Sinza, Wilaya ya Kinondoni, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa kwa risasi. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi. Ndugu zao hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka, nayo ikabaini kwamba watu wale hawakuwa majambazi. Askari kadhaa walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao, na kumhukumu kifo.

Hapa yafaa tuitazame kazi iliyofanywa na neno moja. Nani aulizaye jambazi ameuawaje? Laiti ndugu wale wangenyamaza, huenda neno hilo lingebaki ndilo kumbukumbu ya marehemu.

Lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Mtuhumiwa (Wakenya hupendelea mshukiwa) ni mtu anayedhaniwa. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa shtaka mahakamani. Mwenye hatia ni yule tu ambaye mahakama imemwona hivyo. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(b), iliyotokana na marekebisho ya mwaka 1984, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Wako wanaojitetea kwa kuandika "watu wanaodhaniwa kuwa majambazi". Kinga hiyo ni dhaifu mno, kwani sikio hudaka neno la mwisho.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama kwa mujibu wa sheria, na majalada mengi yanasubiri wafasiri. Mfasiri akutanapo na mtu aliyekamatwa tu, aandike mtuhumiwa. Na pale ambapo hata tuhuma yenyewe haijaelezwa, neno mtu linatosha.