Springi za Peugeot na Springi za Malori

Binamu yangu ana Toyota Altezza nyeupe, na mwaka juzi aliikata springi. Nasema aliikata kwa maana yenyewe kabisa: fundi mmoja wa Tunduma alizitoa springi zote nne, akapitisha grainda, akaondoa karibu pete moja na nusu kwa kila moja, akazirudisha. Gari likashuka. Likapendeza, siwezi kudanganya. Lilipopita pembeni ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Nakonde, madereva waliokuwa wanapika ugali kivulini mwa trela zao waligeuka kulitazama.

Miezi miwili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Mbeya, tunateremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amelala kiti cha nyuma. Lori la mbele likashika breki, naye akashika, na katikati ya breki tairi la nyuma likakuta kidimbwi kidogo tu cha lami iliyobonyea. Gari halikubonyea pamoja nacho. Liliruka. Nyuma ikahama upande, tukasimama tairi moja likiwa ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyesema neno mpaka Mbalizi, na mtoto hata hakuamka.

Sasa amepata hela. Kazi yake ni kupitisha mizigo mpakani, na kuna miezi inalipa. Wenzake wenye magari ya aina hiyo wamepanga siku ya kukimbiza magari kwa saa, kwenye eneo la lami lililofungwa, kila mtu na gari lake la kila siku. Anataka kununua seti nzima ya springi na shokapu za mashindano, zile unazozungusha kwa spana kupandisha au kushusha gari. Akanipigia: "Kaka, wewe unasomaga sana. Nichukue zipi?" Nilimwambia nipe wiki. Wiki ile nikaitumia kusoma habari za Safari Rally, na nyingine nikaipoteza kwa wazee wa malori. Kilichofuata ni hiki.

Swali lake ni la zamani kuliko anavyodhani. Gari moja, maisha mawili: Jumamosi mbio, Jumatatu shule. Afrika Mashariki tumekuwa tukilijibu tangu 1953, mwaka ambao mashindano ya Coronation Safari yalifanyika kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa kwa makundi ya bei, siyo ukubwa wa injini. Barabara hazikufungwa. Ulikuwa unashindana huku basi la kijiji linakuja mbele yako na ng'ombe wanavuka. Kwa hiyo gari la mashindano na gari la barabarani vilikuwa kitu kimoja, kwa sheria na kwa hali halisi.

Tazama magari yaliyoshinda miaka ile utaona mzaha fulani wa historia. Volkswagen ya mgongo wa kobe. Ford Zephyr. DKW, mwaka 1956. Mercedes 219, sedani ya kiungwana, 1959 na tena 1960. Halafu Peugeot 404, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hizi mbili za katikati zilishinda mikononi mwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell pembeni. Sijui kwa nini jina lake halitajwi sana kwetu. Tunamjua Joginder Singh wa Kericho, fundi gereji aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akiwa na mdogo wake Jaswant, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Anastahili. Ila gari la baba zetu lilikuwa 404, na aliyelipandisha jukwaani mara mbili mfululizo alikuwa mkazi wa nchi hii.

404 ilikuwa na nini? Kwa maneno ya gereji, ilikuwa "inakaa". Mbele kila gurudumu lilijitegemea, nyuma kulikuwa na ekseli nzima iliyobebwa na springi za kuzunguka badala ya mapande ya chuma yaliyopangwa. Gurudumu lilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Hapo ndipo siri ilipo, na nitaieleza taratibu kwa sababu binamu yangu ataisoma makala hii na namjua: anaruka aya.

Springi kazi yake ni kubeba uzito na kumeza bonde. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya bonde kupita. Watu wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari, haibebi, inatuliza. Springi ikiwa ngumu, gari halilali sana kwenye kona, na tairi linabaki limesimama wima, limeshika lami kwa upana wake wote. Kwenye lami laini kama meza hiyo ni faida tupu. Lakini barabara ikiwa na mawimbi, springi ngumu haimezi. Inalirusha gurudumu juu pamoja na gari, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Ndicho kilichotokea Iwambi. Springi iliyokatwa ina kosa jingine baya zaidi: ni fupi kuliko shokapu iliyoachwa na urefu wake wa zamani, kwa hiyo gurudumu likining'inia springi inaweza kuacha kiti chake.

Walioandaa magari ya Safari hawakuwa wanyonge mbele ya ugumu. Walikaza springi kidogo, walitia shokapu nzito, walikaza bodi, walifunga bamba la chuma chini ya injini. Kitu ambacho hawakukigusa ni ile nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Hawakushusha gari. Mashindano ya miaka ya sitini yalikuwa kama kilomita 5,000 kwa siku chache za Pasaka, mvua ikiwa imeshaanza, na mwaka 1963 walimaliza watu 7 tu. Mwaka 1968 tena 7. Katika mwendo huo adui mkubwa wa shokapu ni joto. Kila inapotuliza springi, ile nguvu ya kudunda inageuka joto ndani ya mafuta yake, na barabara yenye mawimbi kama bati haimpi nafasi ya kupoa. Mafuta yanatoa povu, shokapu inalegea, gari linaanza kuelea. Ndiyo maana shokapu za gesi, ambazo Bilstein ilianza kuzitengeneza kwa ajili ya magari ya Mercedes mwaka 1957, zilikuwa jambo kubwa: mgandamizo wa gesi unazuia lile povu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 1975. Lancia walileta Stratos, gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya rali, injini ya Ferrari nyuma ya mgongo wa dereva, fupi, pana, limelala chini kama mjusi. Ndilo lililowapa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976. Pale Safari, Sandro Munari alifika wa pili. Wa kwanza alikuwa Ove Andersson ndani ya Peugeot 504. Ndiyo, ile ile. Ile ambayo jirani yako alikuwa nayo, iliyobeba maharusi na magunia ya mahindi, na ikifika kwenye shimo ilikuwa inapiga magoti na kuinuka bila kulalamika. Stratos haikuwahi kushinda Safari hata mara moja.

Nilipofika hapo nilidhani makala imekwisha. Kisha nikaenda kumsalimia mzee mmoja, jirani yetu wa Vwawa, aliyekuwa utingo wa lori enzi hizo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Unaandika habari za magari ya mashindano? Sisi hatukushindana na mtu. Tulishindana na barabara." Akacheka mpaka akakohoa.

Barabara anayoisema ni hii inayopita mlangoni kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kwa njia ya kusini, ikajikuta imefungwa koo. Mafuta yakaanza kuja kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, mengine kwa ndege, mengi kwa malori: Morogoro, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, Mbozi, Tunduma. Kurudi walibeba shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa udongo, vumbi kiangazi na tope masika, na Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipokamilika 1968 mafuta yakapata njia yake ya kilomita 1,710 hadi Ndola. Lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Kabla ya hapo ilikuwa ni springi na Mungu.

Mzee aliniambia springi za lori zilikuwa kalenda yao. Hakukumbuka tarehe, alikumbuka pande lipi lilikatikia wapi. Springi za lori ni mapande ya chuma yaliyolaliana, marefu juu, mafupi chini, na yanaposuguana yanajituliza yenyewe kidogo. Pande moja likikatika, mengine yanabeba mzigo wake, yanachoka, yanafuata. Walikuwa wanafunga pande lililokatika kwa mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, wanasogea taratibu hadi penye fundi. Matajiri wengine waliongeza mapande ili lori libebe zaidi. "Lori likawa gumu kama ukuta," akasema. "Likiwa na mzigo, sawa. Likirudi tupu, linarukaruka, breki hazishiki. Wenzangu wawili waliondoka hivyo." Hakusema majina, na mimi sikuuliza.

Hapo niliweka kalamu chini. Historia ya Safari ina majina, picha, miaka, nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Historia ya malori haya ina wazee wanaokohoa. Lakini fundi wa 404 na utingo wa Tunduma waligundua jambo lile lile, mmoja akapewa kikombe, mwingine akazika wenzake: gari gumu kupita mzigo na barabara yake halishiki ardhi.

Nikampigia binamu. "Mdogo wangu, kwanza hiyo Altezza ina springi gani sasa hivi?" Akanyamaza. "Zile zile, kaka." Miaka miwili baada ya Iwambi, na mtoto bado anapanda nyuma. Niligomba, sitaandika nilichosema.

Tulipotulia tukaongea kama watu wazima. Altezza ilitoka kiwandani ikiwa na mikono miwili ya chuma kwa kila gurudumu, mbele na nyuma, mpangilio mzuri ambao watu wanauharibu kabla ya kuuona ukifanya kazi. Nikamwambia aanze na vilivyokufa: bushi, balijointi, shokapu zinazovuja. Gari lenye bushi zilizochakaa ukilifunga springi za bei mbaya ni sawa na kumvalisha mgonjwa suti. Asinunue shokapu za mtumba, kwa sababu hujui zimekimbia kilomita ngapi huko Japani. Arudishe urefu wa kiwandani, au apungue kidogo sana, na springi ngumu kwa kiasi tu. Akitaka gari lisilale kwenye kona, abadilishe kile chuma kinachounganisha kushoto na kulia, kwa sababu hicho kinazuia kulala bila kuharibu sana umezaji wa mashimo ya mbele kwa mbele. Halafu matairi, pedi, mafuta mapya ya breki, na kupima alaimenti. Vikibaki vihela, anywe soda.

"Na zile za kuzungusha?" akauliza. Nikamwambia si mbaya, zilizo bora ni nzuri kweli, lakini anayezinunua huzishusha hadi mwisho siku ya kwanza na hazipandishi tena. Akacheka, maana alijua nimemshika. Kisha akabisha: wenzake wote wanazo, atakuwa wa mwisho. Huenda akawa wa mwisho. Hilo sikumficha.

Jumapili iliyopita alikuja Vwawa. Gari limepanda, linaonekana kama la mwalimu. Aliniambia amefunga shokapu mpya na springi za urefu wa kiwandani, na lile boksi la seti ya mashindano alilinunua pia, liko chini ya kitanda, hajalifungua. Tukamchukua mzee jirani, tukatoka naye barabara kuu hadi kwenye rasta. Mzee alikaa mbele, mkono umeshika mlango, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza redio ya mbali. Tulipita rasta za kwanza, za pili, za tatu.

"Rudia," akasema. "Kasi kidogo."

Binamu akageuza gari.