Jinsi ya kuzuia kihifadhi skrini kisikatize video

FILAMU imefika patamu, mara skrini inakuwa nyeusi au inajaa picha zinazoelea, na kompyuta inadai nywila. Watumiaji wengi wa kompyuta wanaifahamu kero hii, na huwa kubwa zaidi pale kompyuta inapounganishwa na projekta mbele ya darasa zima.

Kihifadhi skrini ni programu inayofunika skrini pale kompyuta inapokaa muda bila kuguswa. Ilibuniwa kwa ajili ya skrini za zamani za kioo kinene, ambazo picha iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu iliweza kuziachia alama ya kudumu. Miongoni mwa programu za mwanzo ni ile ya Mmarekani John Socha, iliyochapishwa mwaka 1983 kwa kompyuta za IBM. Yenyewe ilizima skrini baada ya dakika 3.

Chanzo cha tatizo

Kompyuta huhesabu muda tangu kibodi au kipanya kilipoguswa mara ya mwisho. Mtazamaji wa filamu hagusi chochote, hivyo mashine humdhania kuwa ameondoka.

Programu nyingi za video huepusha hali hiyo kwa kuiarifu kompyuta kwamba skrini bado inatumika. VLC huja ikiwa imepangwa hivyo tangu mwanzo. Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kukagua mipangilio ya programu unayotumia, au kujaribu video hiyo kwa programu nyingine.

Hatua za kuchukua

Tatizo likiendelea katika Windows 10 au 11, andika "screen saver" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua mpangilio huo, kisha ongeza idadi ya dakika ipite urefu wa filamu. Filamu ya saa 2, kwa mfano, iwekewe dakika 150.

Kagua pia mpangilio wa umeme, kwa kuwa una hesabu yake ya kuzima skrini na kuilaza kompyuta. Wengi hurekebisha kihifadhi skrini peke yake, kisha hushangaa kuona giza likirudi. Katika kompyuta ya mkononi, muda wa kutumia betri hupangwa mbali na ule wa kutumia umeme wa ukutani.

Wenye kompyuta za Mac wanaweza kufungua Terminal na kuandika caffeinate -d, amri iliyoanza kupatikana mwaka 2012. Skrini itabaki macho hadi utakapoisitisha amri hiyo kwa kubonyeza Control na C.

Tahadhari

Wapo wanaopendekeza kihifadhi skrini kizimwe kabisa. Ushauri huo una hatari, kwani katika kompyuta nyingi ndicho kinachoifunga mashine mwenyewe anapoondoka. Kompyuta ya ofisi iliyoachwa wazi humwezesha mpita njia kusoma barua, kubadili hesabu au kutuma ujumbe kwa jina la mwingine.

Ni vyema basi kurudisha mipangilio ya awali mara video inapokwisha. Ukilazimika kuondoka kabla ya hapo, funga kompyuta mwenyewe: katika Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na L, na katika Mac bonyeza Control, Command na Q kwa pamoja.