Historia ya Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Namba nzima huainishwa kwa njia nyingi. Ziko shufwa na ziko witiri. Ziko zilizotokana na kuzidishana kwa namba nyingine, na ziko zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hizi za mwisho huitwa namba tasa. Namba ndogo haina taabu: 7 ni tasa, na 15 imetokana na 3 na 5. Namba kubwa ni jambo lingine, kama ionyeshavyo habari ya 147,573,952,589,676,412,927. Namba hii hupatikana kwa kuandika 2 mara 67, kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa 1.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, alitoa kitabu ambamo aliitia namba hii katika orodha ya namba tasa. Namba tasa za namna hiyo zilithaminiwa tangu zamani, kwa kuwa Euclid, Myunani, alionyesha kuwa kila moja huleta namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mfano wake ni 6, jumla ya 1, 2 na 3. Mersenne hakutoa uthibitisho, na kauli yake ilidumu zaidi ya miaka mia mbili.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, aliipima kwa kanuni aliyoivumbua, akaona kuwa si tasa. Lakini kanuni hiyo haikutaja kigawo hata kimoja. Ikawa kama kumjua mtoto kuwa ana wazazi, wasijulikane ni nani.

Kazi ya kuwatafuta ilifanywa na Frank Nelson Cole wa Marekani. Sifa mbili za namba hii hupunguza mzigo: kila kigawo chake tasa hakina budi kuzidi kigawe fulani cha 134 kwa 1, tena kikigawanywa kwa 8, hubakiza 1 au 7. Hata hivyo zilizobaki zilikuwa nyingi mno. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Cole alionyesha kuwa namba hiyo ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kuwa hakunena neno. Alikokotoa hesabu mbili ubaoni, majibu yakalingana, naye akashangiliwa. Husimuliwa pia kuwa kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa mengine: iliingiza 257 isivyostahili, ikaacha 61, 89 na 107. Hata hivyo namba za aina hii zingali zikiitwa kwa jina lake, maana ndiye aliyewapa wenziwe swali la kushughulikia. Heshima ya mwenye elimu iliweza kuilinda kauli, lakini haikuweza kuifanya kweli. Ushahidi wa Cole hautegemei heshima ya mtu: kila ajuaye kuzidisha, akiwa na karatasi na subira, aweza kuuhakiki mwenyewe.