Karen na Kibera: masoko mawili ya nyumba Nairobi

Mitaa ya Karen na Kibera yote iko upande wa kusini-magharibi wa Nairobi, mji mkuu wa Kenya. Hata hivyo, masoko yake ya nyumba hayafanani, na kinachoyatenganisha zaidi ni hati ya kumiliki ardhi.

Viwanja vya ekari

Sehemu ya Karen ilikuwa shamba la kahawa lililosimamiwa na mwandishi wa Denmark, Karen Blixen. Shamba hilo liliuzwa mwaka 1931, kisha likagawanywa kuwa viwanja vya makazi, ambavyo wakati wa ukoloni vilikuwa vya Wazungu.

Hadi leo, thamani kubwa ya nyumba za Karen imo katika ardhi yenyewe, inayopimwa kwa ekari au nusu ekari. Mnunuzi humtuma wakili kwa msajili wa ardhi kuthibitisha hati, na hati hiyo huweza kuwekwa rehani benki.

Vyumba vya kupanga

Jina la Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kuishi hapo, lakini hawakupewa hati. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi iliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya serikali, huku wahamiaji kutoka mashambani wakiongezeka.

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2004 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha kuwa takriban asilimia 92 ya kaya zilikuwa za wapangaji. Wengi hukodi chumba kimoja cha udongo au mabati.

Mwenye banda asiye na hati hawezi kuliweka rehani, na anajua kuwa laweza kubomolewa wakati wowote. Kwa hiyo hujenga kwa gharama ndogo ili fedha zake zirudi haraka. Mpangaji hulipa kodi kila mwezi, na maji huyanunua kwa mtungi, kwa bei inayozidi ile ya nyumba zenye mabomba.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 2016, nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi wa Soweto East, Kibera, chini ya mpango wa serikali na shirika la UN-Habitat. Mwaka 2017, jumuiya ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288.

Lakini Julai 2018, maelfu ya wakazi wa Kibera walipoteza makazi yao yalipobomolewa kupisha barabara.

Mwenye kiwanja Karen akitakiwa kuipisha barabara, hati yake ndiyo msingi wa kudai fidia. Mpangaji wa Kibera, hata akiwa amelipa kodi kwa miaka 20, hana karatasi ya namna hiyo mkononi.