Jina la Tatu na Mji wa Asili: Tatizo la Kufuatilia Chimbuko la Familia katika Mkoa wa Singida

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Singida anapojaza fomu ya serikali, huandika majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Jina la tatu ndilo linaloitwa jina la ukoo. Fomu hiyohiyo humtaka ataje kijiji alikozaliwa. Kwa karani anayepokea fomu, majibu hayo mawili yanatosha kumtambua mtu na asili yake. Kwa mwanahistoria, hapo ndipo tatizo linapoanza. Miongoni mwa Wanyisanzu, Wanyiramba na Wanyaturu, jina la tatu kwa kawaida si jina la ukoo, na kijiji kinachotajwa mara nyingi si mahali familia ilipoanzia.

Makala hii inajenga hoja kwamba jina la tatu ni zao la daftari, ilhali ukoo ni zao la masimulizi, na kwamba njia hizi mbili hazielekei mahali pamoja. Anayefuata jina la tatu peke yake hatimaye hufika kwa mzee wa kwanza aliyeandikwa na karani. Hafiki kwenye ukoo wake.

2.0 Chimbuko la jina la tatu

Kabla ya utawala wa kikoloni, mtu alijulikana kwa jina lake, kwa wazazi wake na kwa ukoo wake, kutegemea nani anauliza na kwa sababu gani. Haja ya kumwandika mtu kwa jina moja lisilobadilika ililetwa na kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na utekelezaji wake ulizifikia sehemu za ndani kadiri boma zilivyojengwa, ikiwemo boma la Mkalama katika eneo la Wanyisanzu. Waingereza walitunga sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Kodi ya kichwa ilimhitaji mwanamume mmoja mmoja, hivyo karani alihitaji jina lake na la baba yake ili asimchanganye na mwenzake.

Misheni na shule ziliimarisha utaratibu huo. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, waliofanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920, waliandika wabatizwa katika madaftari ya kanisa: jina la ubatizo, kisha jina la baba. Mtoto alipofika shuleni, jina la baba au la babu liligeuka kuwa jina lake la mwisho, na watoto wake wakalirithi. Kwa sababu hiyo, ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, mmoja akiwa ameandikishwa kwa jina la baba na mwingine kwa jina la babu. Baada ya vizazi viwili, wajukuu wao huonekana katika nyaraka kama watu wasio na uhusiano wowote.

Hali hii haiwahusu wenyeji wa kale wa mkoa pekee. Jina Dewji, linalofahamika nchini kupitia mfanyabiashara Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida na mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, lilikuwa awali jina la mtu binafsi katika Kigujarati, lenye kiishio cha heshima -ji kama ilivyo katika Kanji na Premji. Hapa pia jina la babu mmoja liliganda na kuwa la wajukuu wote.

Ulinganisho na Ulaya unasaidia kuonesha tofauti. Katika Kroatia, majina mengi ya familia huishia na -ić, kiishio ambacho asili yake kilimaanisha mtoto au mzao wa fulani. Hayo nayo yalitokana na majina ya mababu. Hata hivyo, Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, uliziagiza parokia za Kikatoliki kuweka madaftari ya ubatizo na ndoa. Daftari lililotunzwa katika parokia moja kwa vizazi vingi humwezesha mzao kulihusisha jina na kijiji. Singida, daftari lilianza juzi tu kwa kipimo cha historia, na lilianza wakati watu walikuwa tayari wamehama mara nyingi. Hivyo, mbinu inayofaa kule haiwezi kuhamishiwa hapa bila kubadilishwa.

3.0 Ukoo unaopitia kwa mama

Tatizo ni kubwa zaidi kwa Wanyisanzu, kwa kuwa ukoo wao hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na utemi ulirithiwa kwa njia hiyohiyo: mtoto wa dada ndiye aliyemrithi mjomba wake. Ukoo wa kitemi wa Anyampanda, wenye makao yake ya kimila Kirumi, ulibeba dhamana ya mvua kwa nchi yote, na dhamana hiyo ilipita kwa wanawake wa ukoo hata pale mtemi alipokuwa mwanamume.

Ichukuliwe mfano wa kijana wa Kinyisanzu ambaye mama yake ni wa ukoo wa Anyampanda. Kitambulisho chake kina jina la baba na la babu mzaa baba. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalotaja Anyampanda. Baba yake ni wa ukoo wa bibi mzaa baba, na babu yake ni wa ukoo mwingine tena. Kila hatua anayopanda kwa kufuata jina la tatu humpeleka katika ukoo wa watu wengine. Uhusiano huo wa upande wa baba ni wa kweli na una thamani yake, lakini si ukoo. Mwenye kumbukumbu ya ukoo ni mjomba na bibi mzaa mama, ambao majina yao hayamo katika kitambulisho.

Kwa Wanyaturu, ambao hufuata upande wa baba, jina la tatu na ukoo huelekea upande mmoja. Hata hivyo, jina la tatu humtaja babu mmoja tu, ilhali ukoo humtaja mwanzilishi aliyeishi vizazi vingi kabla yake. Isitoshe, hata jina la jamii nzima lilikuwa na sura mbili. Wenyewe hujiita Arimi; ofisa Mjerumani Eberhard von Sick, aliyechapisha maelezo yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyatumia majina yote mawili katika kichwa cha kazi yake, Waniaturu na Walimi. Wanyisanzu nao waliandikwa Issansu, na Wanyiramba huandikwa pia Wanilamba. Anayetafuta jina la babu katika nyaraka za Kijerumani hana budi kulitafuta kwa tahajia zaidi ya moja, hasa penye r na l.

4.0 Ukerewe: dai la masimulizi na ushahidi wa lugha

Masimulizi ya Wanyisanzu na Wanyiramba hutaja chimbuko lao kuwa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Dai hili hurudiwa na wazee kwa uthabiti, na haifai kulipuuza. Hata hivyo, ushahidi wa lugha haukubaliani nalo moja kwa moja. Katika uainishaji wa Guthrie, Kinyiramba kimo katika kundi F31 na Kinyaturu F32, zoni moja na Kisukuma na Kinyamwezi. Kikerewe kimewekwa katika zoni E pamoja na lugha za upande wa Buhaya. Iwapo jamii nzima ilitoka Ukerewe, ingetarajiwa lugha yake ibaki na alama zilizo wazi za huko.

Kuna maelezo mawili yanayowezekana. Kwanza, huenda waliotoka kando ya ziwa walikuwa wachache, hasa wa koo za kitemi, waliowakuta wenyeji na kuchukua lugha yao. Pili, huenda Ukerewe ni jina la mwelekeo, yaani upande wa ziwani, wala si la kituo kimoja. Jan Vansina, katika kazi yake ya mwaka 1985 kuhusu masimulizi kama historia, alitahadharisha kwamba simulizi la asili hubeba pia maslahi ya wanaolisimulia. Simulizi linalounganisha koo nyingi chini ya safari moja hujenga umoja na huhalalisha utemi. Hilo halilifanyi kuwa uongo. Linamtaka mtafiti aulize kila ukoo njia yake, badala ya kulikubali jibu la ukoo wa kitemi kwa niaba ya koo zote.

Ukerewe penyewe si mwisho wa safari. Ukoo wa kitemi wa huko, Wasilanga, husimulia kwamba ulitoka Ihangiro katika nchi ya Buhaya. Kila mji wa asili una mji mwingine nyuma yake.

5.0 Kijiji cha fomu na mji wa asili

Kijiji nacho kina historia ya karibuni. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo ikatakiwa kukamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Familia zilizokuwa zikiishi katika miji iliyotawanyika zilikusanywa, na mahame yakabaki porini. Aliyezaliwa baada ya hapo huandika jina la kijiji kipya, wakati makaburi ya babu zake yako kwenye hame lisilo na jina katika ramani.

Mipaka ya utawala nayo ilibadilika. Mkoa wa Singida uliundwa mwaka 1963 kutoka katika lililokuwa Jimbo la Kati. Wilaya ya Mkalama, yenye makao yake Nduguti, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kwa hiyo nyaraka za familia moja ya Kinyisanzu zinaweza kuwa chini ya Mkalama, Iramba na tena Mkalama, bila familia hiyo kuhama hata hatua moja.

Athari za mkanganyiko huu ni za leo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kimila huhitaji ushahidi wa nani alikuwepo na kwa haki gani. Familia inayoweza kutaja hame, makaburi na mlolongo wa waliorithi ina hoja. Inayojua jina la tatu tu haina. Swali la nani anaweza kuoa nani nalo hujibiwa kwa ukoo, na vijana wawili wenye majina ya mwisho tofauti wanaweza kuwa watoto wa ukoo mmoja.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba jina la tatu lina historia fupi na ya kiutawala. Ni chanzo halali, ilimradi lisichukuliwe kuwa ukoo. Utafiti wa chimbuko la familia mkoani Singida unapaswa kuanza kwa kuuliza ukoo hufuata upande upi, kisha kutafuta hame kabla ya kijiji, na kuzisoma nyaraka baada ya kuwasikiliza wazee. Utaratibu huu una haraka yake. Daftari la kodi litasubiri katika Nyaraka za Taifa. Bibi anayejua jina la mama wa mama yake hatasubiri. Kwa Wanyisanzu hasa, akiondoka yeye bila kuulizwa, hakuna karani aliyewahi kuandika anachokijua.